Kichwa kizito hakitaki baruti nyingi, kinataka baruti inayoungua polepole

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kutoka Columbus, Ohio, huku Marekani. Mi nimeanza kusoma gazeti lenu tangu niko Tanga, siku hizi nalisomea kwenye simu nikiwa mapumziko kazini, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia. Safari hii imenibidi. Kwenye ukurasa wa michezo mlitoa makala kuhusu kulenga shabaha ya mbali kwa bunduki na kwa kweli nilifurahi sana, manake huu mchezo ndo naucheza na kwa Kiswahili hauandikwi, lakini pale katikati kuna sentensi inasema mlengaji akitaka kutumia risasi nzito zaidi "anaongeza baruti ili ifike". Ndugu zangu, hapana. Ni kinyume chake kabisa, na si kosa la kulinyamazia, kwa sababu mtu akilifuata kama lilivyoandikwa bunduki inaweza kumpasukia usoni.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili kinaita kila kitu risasi. Kuna ganda, lile la shaba nyeupe au njano. Kuna fataki, kile kidude kidogo kimekaa kwenye kitako cha ganda, kinagongwa na pini kinatoa cheche. Kuna baruti ndani ya ganda. Halafu kuna kichwa, kile kinachoruka chenyewe kwenda kwenye shabaha. Sisi huku tunaokota maganda yetu baada ya kupiga, tunayasafisha, tunaweka fataki mpya, tunapima baruti kwenye mizani, tunakandamizia kichwa juu, tunapiga tena. Ni halali kabisa hapa Ohio na maduka yanauza kila kitu. (Huko nyumbani sheria ya silaha ni nyingine, kutengeneza risasi bila kibali ni kutafuta jela, kwa hiyo barua hii isomwe kama elimu ya mchezo, mtu asije akasema fulani wa Ohio kaniambia.)

Sasa kwa nini kichwa kizito hakitaki baruti nyingi. Chukua mkokoteni mtupu, usukume, unaondoka mara moja. Upakie mifuko kumi ya simenti halafu uusukume kwa nguvu ileile, hauondoki haraka, na nguvu yote inabaki kwenye mikono yako na mgongo wako. Ndani ya ganda ni hivyohivyo. Baruti ikiwaka inatoa gesi, gesi inataka nafasi, nafasi inapatikana pale kichwa kinaposogea mbele kwenye mtutu. Kichwa chepesi kinakimbia mapema, nafasi inafunguka, presha inapungua. Kichwa kizito kinasitasita, gesi inajazana nyuma yake, na baruti nayo ikibanwa inaungua kwa kasi zaidi, ambayo inatoa gesi zaidi, ambayo inabana zaidi. Yote haya yanatokea kabla kichwa hakijatembea hata urefu wa kidole. Isitoshe kichwa kizito ni kirefu kuliko chepesi cha kipenyo hichohicho, kwa hiyo kitako chake kinazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Ndo maana ukifungua kitabu chochote cha vipimo, kwa baruti ileile, kadiri kichwa kinavyoongezeka uzito kipimo cha juu cha baruti kinashuka. Kila kitabu, hakuna ubishi hapo.

Na presha tunayoiongelea si ya mchezo. Kwa .308 Winchester, aina ya risasi ambayo ndo wengi wetu tunatumia, kiwango cha juu kilichowekwa Marekani ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo linajazwa pauni 32 hivi. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu mara 2000, na hiyo yote inashikiliwa na kipande cha chuma ambacho shavu lako liko sentimita chache nyuma yake.

Basi mlengaji anafanyaje? Habadilishi wingi kwanza, anabadilisha aina. Anatafuta baruti inayoungua polepole zaidi. Watu wa pwani watanielewa haraka: vifuu vya nazi vikishika moto vinawaka kwa fujo na dakika chache vimekwisha, kuni za mkoko zinawaka taratibu na moto unakaa. Kupika pilau ya watu mia kwa vifuu utaunguza chini na juu mchele mbichi. Baruti za haraka ni vifuu, zinafaa bastola na bunduki za kupigia ndege ambako mtutu ni mfupi au mpana. Kichwa kizito kwenye bunduki ya shabaha yenye mtutu wa inchi 30 kinataka mkoko, msukumo unaoanza kwa adabu na kuendelea kukifuata nyuma kwenye mtutu mrefu.

Huo upole unatengenezwa kiwandani. Baruti hizi za kisasa hazina moshi mwingi kama ile nyeusi ya zamani ya gobore, zilianza Ufaransa mwaka 1884 na mkemia Paul Vieille, na msingi wake ni nitroselulosi. Zinakatwa vipande vidogo kama tambi zilizovunjwa, vingine vina tundu katikati, vingine vinaviringishwa kuwa kama mchanga, halafu vinapakwa dawa ya kuzuia moto usiingie haraka. Ukubwa wa kipande, tundu lake na dawa iliyopakwa ndo vinaamua spidi ya kuungua. Nyingine zinaongezewa nitrogliserini kupata nguvu zaidi.

Hapo sasa wengi wanadanganyika na lile jedwali la spidi za baruti linalozunguka kwenye simu, limepangwa kutoka ya haraka hadi ya polepole, mtu anaona baruti yake ni namba kadhaa na ya mwenzake iko hatua moja chini, anasema aa hizi ni ndugu, natumia kipimo kilekile. Hapana jamani. Jedwali linakuambia nani ametangulia na nani amefuata, halikuambii wamepishana umbali gani, na viwanda viwili vinaweza kuziweka baruti zilezile kwa mpangilio tofauti. Jedwali ni la kukuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta kwenye kitabu. Na majina yenyewe ni mtego mkubwa. H4895 na IMR 4895 si kitu kimoja. H4350, IMR 4350 na Accurate 4350 ni baruti tatu zenye vipimo vitatu. Vihtavuori N140 na N540 ukizisoma haraka usiku ukiwa umechoka unaweza ukaona namba moja tu, kumbe ya pili ndo ile yenye nitrogliserini na ina nguvu kuliko ya kwanza. Mimi mezani kwangu linakaa kopo moja tu, mengine yote yako kabatini, na likimaliza kazi linarudi kabatini kabla sijafungua lingine. Mwisho wa hadithi.

Niwape mfano halisi wa kuchagua, tuchukue .308 maana naijua. Ganda lake likijazwa maji hadi mdomoni linachukua greini 56 hivi (greini ndo kipimo chetu cha uzito, gramu moja ni greini 15 na kidogo). Huo ndo uwanja wako wote, hauongezeki. Ukiwa na kichwa cha greini 155 watu wanatumia baruti za Varget, N140, IMR 4895, wote wanafurahi. Ukipanda 175 au 185, Varget na N140 bado zipo, na IMR 4064 na N150 zinaingia mchezoni. Ukifika 200 na kuendelea, wengi wanang'ang'ania Varget au wanahamia N150. Sasa mtu mwenye kichwa chepesi cha kufikiri anasema kama polepole ndo nzuri basi niende polepole zaidi, nichukue H4350. Tatizo ganda linajaa kabla baruti haijafika presha ya kufanya kazi vizuri, unasikia inasagika unapokandamiza kichwa, na spidi unayopata ni ndogo. H4350 ni baruti safi sana ila nyumbani kwake ni maganda makubwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo unatafuta ile ambayo inalijaza ganda karibu lote bila kushindiliwa, na hapohapo presha iko ndani ya kiwango. Ganda likiwa karibu kujaa, baruti haichezi ndani, kila risasi inawaka kama mwenzake. Ganda likiwa na nafasi tupu kubwa, baruti mara imelala mbele mara nyuma, na spidi inayumba.

Na spidi kuyumba ndo ugonjwa unaotuua kwenye shabaha ya yadi 1000, kuliko hata spidi kuwa ndogo. Naomba hili lieleweke. Yadi 1000 ni mita 914. Kwa .308 tofauti ya mita 3 tu kwa sekunde pale mdomoni mwa mtutu inakupandisha au kukushusha karibu sentimita 7 au 8 kule mwisho. Risasi zako zikipishana mita 10 kwa sekunde, umeshatawanyika juu na chini kiasi cha sentimita 25, na duara la alama 10 kwenye F-Class (mashindano ya kulenga mbali ukiwa umelala, bunduki imewekwa juu ya egemeo) ya yadi 1000 upana wake ni sentimita 25 tu. Yaani hapo bado hujakosea pumzi, hujasoma upepo vibaya, kidole hakijatetemeka, baruti peke yake imeshakumalizia duara zima. Ndo maana nikimuona kijana anajisifu kwamba kapata spidi kubwa kuliko wote laini nzima mi namuuliza zinapishana ngapi. Mara nyingi hana jibu maana hajawahi kuandika.

Mtu atauliza sasa kichwa kizito cha nini kama kina mashaka yote haya. Upepo, basi. Kichwa cha 155 kinatoka na spidi kama mita 900 kwa sekunde, cha 200 kinatoka na 800 hivi, lakini kile kizito kirefu chembamba kinakata hewa vizuri na kinatunza spidi yake njiani, kikifika kule mwisho kimesukumwa na upepo kidogo kuliko mwenzake. Halafu kuna suala la sauti. Kichwa kikishuka chini ya spidi ya sauti, mita 340 kwa sekunde, kabla hakijafika, kinaweza kuanza kuyumba. Mfano maarufu ni Sierra MatchKing wa greini 168, kichwa kizuri mno ambacho kilitengenezwa kwa mashindano ya mita 300 na huko hakina mpinzani, lakini kitako chake kimekatwa kwa pembe kali na yadi 1000 kinapoteza utulivu. Ndugu yake wa 175 ana kitako cha pembe ndogo zaidi, anafika mzima. Kwa hiyo tofauti ya greini 7 si uzito tu, ni umbo.

Sheria za mashindano nazo zinaamua. Wale wa Target Rifle kwa mtindo wa Bisley kule Uingereza, uwanja ambao umekuwepo tangu 1890 na ndo ulichezewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 upande wa bunduki, kwao kichwa cha .308 lazima kiwe chini ya greini 156, basi. Kwa hiyo kwao "kizito" ni 155. Sisi wa F-TR, tawi la F-Class, tunalala na miguu miwili ya kushikilia bunduki mbele, tunatumia .308 au .223 ambayo ni risasi ndogo zaidi, uzito wa kichwa ni hiari yako. Na wale wa .223 wanapotumia kichwa cha greini 80 au 90 ndo wana kazi kubwa kuliko sisi, maana ganda ni dogo, kichwa ni kirefu mpaka hakiingii kwenye magazini, wanaingiza moja moja kwa mkono, na ile mifereji ya ndani ya mtutu inayozungusha kichwa lazima iwe na mzunguko wa haraka, mzunguko mmoja kila inchi 8 au 7, la sivyo kichwa kinaruka kikipiga mweleka.

Sasa nieleze kilichonikuta ili mjue kwa nini nimeandika kwa uchungu. Mwaka wa pili wa kucheza nilitengeneza mzigo wangu (yaani risasi zangu na kipimo chake cha baruti) mwezi wa tatu, asubuhi, baridi nyuzi kama 5, kichwa cha 185 na baruti ambayo sitaitaja jina maana kosa lilikuwa langu. Nikapanda kidogokidogo hadi juu kabisa ya kitabu. Fataki zote nzuri, maganda yanatoka laini, spidi tamu. Nikatengeneza risasi 200 za namna hiyo. Mwezi wa saba nikazipeleka Camp Perry, uwanja mkubwa ulioko kando ya ziwa Erie ambako mashindano ya taifa ya Marekani yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Jua la siku ile nyuzi 33, mtutu umeshapata moto, na mi risasi naiweka chemba halafu nasubiri upepo utulie, nasubiri, nasubiri, risasi inapikika mle ndani. Ya nne ilipanda juu nje ya duara kabisa. Ya tano bolti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, haikufunguka. Nikaipiga na kiganja, haikufunguka. Mzee aliyekuwa pembeni yangu, fundi mitambo mstaafu, mimi namwita Babu na yeye ameshalizoea hilo jina, akaniambia toa mkono hapo kijana, usiguse tena. Ilipokuja kufunguka fataki ilikuwa bapa kama imepigwa pasi na kitako cha ganda kina alama ya kung'aa. Babu akanichukulia zile risasi zote, tukaenda nyumbani kwake jioni tukazivunja moja moja, saa tatu nzima, hakunikemea hata mara moja. Aliniuliza tu kitu kimoja, uliipima baridi au joto? Nikamwambia baridi. Akatikisa kichwa.

Kumbe baruti nyingi zinabadilika na joto, jua likipanda presha inapanda. Kuna ambazo zimetengenezwa kuvumilia zaidi, Varget na H4350 na H4895 zimejengewa jina hapo, zote tatu zinatoka Australia, na ndo sababu moja Varget imekuwa ikiadimika madukani miaka ya karibuni, kila mtu anaitaka. Zinavumilia, sijasema hazisikii kabisa. Kwa hiyo swali la baruti gani kwa kichwa kizito lina swali lingine ndani yake, utapiga wapi na mwezi gani. Kama kuna kijana wa Dodoma au Isiolo anaota kushindana siku moja, nchi zake ni za jua kali, hili kwake lina uzito kuliko kwa Mwingereza.

Mtaniuliza mbona sijataja kipimo hata kimoja, greini ngapi za Varget kwa kichwa cha 200. Makusudi. Kipimo kinatoka kwenye kitabu cha kiwanda cha baruti au cha kichwa, toleo la sasa, kwa kichwa hichohicho, ganda hilohilo, fataki hiyohiyo, na unaanzia chini kabisa, sio juu. Ukibadilisha kopo la baruti hata kama jina ni lilelile, unashuka na kuanza kupanda upya, maana toleo na toleo hupishana. Kuna kundi la WhatsApp la sisi Waafrika wa Mashariki tunaopiga shabaha huku, watu wazuri sana, lakini kila wiki kuna mtu anatupia kipimo, "hii inapiga vizuri kwangu kaka jaribu", bila kusema kichwa gani, mtutu gani, kimezamishwa kiasi gani. Mwaka jana jamaa yetu mmoja alichukua kipimo cha kichwa cha 155 akakiweka nyuma ya kichwa cha 200, ile hesabu ya makala yenu hasa, kwamba kizito kinastahimili zaidi. Fataki ilitoboka, gesi ikamrudia, miwani ya kinga ndo ilimwokoa macho. Miwani ya dola 12. Macho yake mazima, ila ule mkono wa kulia alikaa nao kwenye bendeji wiki mbili na mke wake akamkataza kabisa, bunduki ameuza.

Dalili za presha nazo watu wanazitegemea kupita kiasi, fataki bapa, bolti nzito, alama kwenye ganda. Zikionekana tayari umeshapita mpaka, wakati mwingine umepita zamani. Kronografu, kifaa cha kupimia spidi ya risasi, inasema mapema zaidi: kama kitabu kinasema mwisho wa spidi ni kiasi fulani kwa mtutu kama wako na wewe umeshaifikia kabla ya kufika mwisho wa kipimo, simama hapohapo. Spidi haikuongezwa bure, imetoka kwenye presha.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri ninaomba vitu viwili. Moja, sahihisho liwekwe kwenye ukurasa uleule wa michezo, si kule nyuma karibu na matangazo ya viwanja, liseme wazi kwamba kwa baruti ileile kichwa kizito kinapimiwa baruti pungufu, na kwamba kinachobadilishwa ni aina ya baruti. Pili, mwandishi wenu kama anataka kuendelea na huu mchezo, na mi naomba aendelee maana kalamu yake ni nzuri, anitafute kupitia barua pepe niliyotumia kuwaandikia. Nitamtumia picha za ile fataki ya Camp Perry, ninayo mpaka leo kwenye kikopo juu ya meza ninapopimia.

Wenu,
Msomaji kutoka Tanga, sasa Columbus, Ohio